Unaona Nini? Paka, Mwalimu wa Kwaya na Kipofu wa Bethsaida



Kijana mwenzangu, leo sina mahubiri makubwa. Nina kesi yangu mwenyewe, na kabla ya kuiandika nimeomba ruhusa kwa watu wawili: mama yangu, na rafiki yangu mmoja anayeimba sauti ya nne kwenye kwaya yetu. Mama alisema andika tu. Rafiki yangu alitoa sharti, nitakuambia huko mbele.

Kesi inaanzia kwenye kozi. Nilipomaliza kidato cha sita nilikaa nyumbani nikisubiri chuo, na nikaona nisikae bure, nijifunze kutengeneza tovuti. Kuandika kodi, yaani (siyo ile ya TRA). Nilichagua freeCodeCamp kwa sababu haidai hata senti. Ni shirika lisilotafuta faida, lilianzishwa mwaka 2014 na Quincy Larson, mtu aliyekuwa mwalimu kabla ya kujifunza kompyuta ukubwani. Mimi nilihitaji vitu viwili tu: kompyuta, ambayo ilikuwa ya mtumba na betri yake imeshakufa, umeme ukikatika nayo inazima hapo hapo, na bando. Bando lilitoka kwenye vitumbua vya mama. Kila Jumatatu asubuhi ananiwekea hela chini ya kikombe mezani, hasemi kitu. Nakuomba ukikumbuke kikombe hicho.

Kama hujawahi kusoma kozi ya namna ile, ngoja nikueleze inavyokwenda. Hawakupi kitabu kizima umeze. Wanakupa hatua. Upande mmoja wa skrini kuna maelekezo mafupi, katikati kuna mahali pa kuandika, upande wa pili unaona ukurasa wako ukijengeka. Somo la kwanza nilipoanza mimi lilikuwa kutengeneza ukurasa wa picha za paka. Hatua ya kwanza kabisa unabadilisha kichwa cha habari tu, kisomeke CatPhotoApp. Basi. Unaandika, unabonyeza wakague, ukipatia unapata tiki ya kijani na kusonga mbele. Hatua inayofuata unaongeza kichwa kidogo. Inayofuata, aya. Vitu vingi vina tagi ya kufungua na tagi ya kufunga, na ile ya kufunga ina mkwaju. Ukisahau mkwaju, kompyuta haikuonei huruma. Somo hilo moja la paka lilikuwa na hatua zaidi ya 60.

Siku za mwanzo nilifurahi sana. Nilikuwa naandika, nakosea, nasoma tena, napata. Lakini ilipofika wiki ya tatu nikaanza kuchoka na udogo wa zile hatua. Nikaona kama wananifanya mtoto. Halafu nikagundua kitu: ile tiki ya kijani haijui umefikaje. Yenyewe inakagua herufi zilizopo kwenye ukurasa. Haiwezi kujua kama umeelewa, umebahatisha, au umeomba akili mnemba ikuandikie ukabandika. Kwa hiyo nikaanza kubandika. Mara ya kwanza ilikuwa hatua moja tu, usiku, nimechoka. (Dhambi zangu nyingi zina sentensi hiyo: moja tu, usiku, nimechoka.) Baada ya wiki mbili nilikuwa nabandika hatua ishirini kwa siku huku nasikiliza muziki.

Mwishoni mwa sehemu ile kulikuwa na miradi mitano ambayo haina hatua za kukushika mkono. Unapewa orodha ya mahitaji, unajenga mwenyewe. Mmoja wao ni ukurasa wa kumbukumbu ya mtu. Nikabandika yote mitano. Na kabla ya kupewa cheti unatakiwa kukubali ahadi ya uaminifu, kwamba kazi uliyowasilisha ni yako. Nikakubali. Kubonyeza kitufe kimoja, sekunde moja. Amri ya nane sikuikumbuka hata kidogo.

Mama alichapisha cheti stesheni, akakitia fremu, akakitundika sebuleni pembeni ya picha ya Moyo Mtakatifu. Jumuiya iliposali kwetu wiki ile, kila aliyeingia alionyeshwa.

Sasa sikiliza kilichotokea Novemba, mwezi wa marehemu. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa amefariki miezi mitatu kabla. Mzee aliyetufundisha wengi wetu kusoma nota, mkali kwa wachelewaji, mpole kwa wanaokosea. Viongozi wa kwaya wakasema tumtengenezee ukurasa wa kumbukumbu mtandaoni, familia yake na wanakwaya waliohama waweze kuuona. Nani anajua mambo hayo? Macho yote kwangu. Cheti si kipo ukutani?

Nilikaa siku tatu mbele ya kompyuta na sikuweza kuandika hata ukurasa mtupu kutoka kichwani. Nikachukua ule mradi wangu wa kubandika, nikabadilisha majina. Ulikuwa na nafasi ya picha moja, na mimi nilikuwa nazo kumi na moja. Nikarudi kwenye faili la somo la paka, nikachukua mstari wa picha, nikaunakili mara kumi na moja, nikabadilisha jina la picha tu kwenye kila mmoja. Zikatokea. Zilipendeza. Nikatuma kiungo kwenye kundi la kwaya, watu wakamwaga makofi na mishumaa. Paroko akanishukuru kwenye matangazo ya Dominika.

Rafiki yangu wa sauti ya nne haoni. Hajaona tangu utotoni. Simu anatumia kama wewe na mimi, ila yake ina TalkBack, ile programu inayomsomea kwa sauti kila kilichopo kwenye skrini anapopitisha kidole. Alhamisi baada ya mazoezi alinisubiri mlangoni.

"Kaka," akasema, "hivi mwalimu alikuwa anafuga paka?"

Nikamwuliza paka gani. Akatoa simu, akafungua ukurasa wangu, akapitisha kidole juu ya picha ya kwanza. Simu ikasema kwa Kiingereza kwamba huyo ni paka mzuri wa rangi ya machungwa, amelala chali. Picha ya pili: paka, amelala chali. Ya tatu. Ya nne. Picha ya mwalimu siku anapokea Baraka ya Ndoa: paka. Picha ya jeneza lake mbele ya altare: paka mzuri wa rangi ya machungwa, amelala chali.

Nilicheka. Nakuambia ukweli, kitu cha kwanza nilichofanya ni kucheka. Naye alicheka kidogo. Kisha akanyamaza, akasema, "Nilitaka kujua ile ya mwisho amekaaje. Waliniambia na mimi nimo."

Ngoja nieleze kosa langu la kiufundi, maana ndilo kosa langu la kiroho. Kwenye kila picha ya tovuti unaandika neno dogo linaloitwa alt, na ndani yake unaeleza picha ina nini. Anayeona haoni maneno hayo, isipokuwa picha ikigoma kufunguka. Asiyeona, hayo ndiyo picha yenyewe. Kwenye somo la paka kuna hatua nzima kwa ajili ya alt peke yake, na maelekezo yanasema wazi ni kwa ajili ya nani. Maneno ya kuandika wanakupa. Mimi niliyabandika, nikapata tiki, nikapita. Hatua ile ingenichukua dakika mbili kuielewa. Nilipoikwepa, sikujua kwamba kuna mtu ninayemjua kwa jina amesimama upande wa pili wa hatua hiyo.

Jumamosi yake nilikwenda kuungama. Kwa kawaida maungamo yangu yalikuwa kama zile hatua ishirini kwa siku. Nina orodha nimeikariri tangu Kipaimara: nimekasirika, nimesema uongo, nimekosa kusali. Naisema haraka, napewa malipizi, natoka na tiki ya kijani. Kristo anayesamehe hachezi, sakramenti ni ya kweli. Mchezo ulikuwa wangu. Safari hii nilisema jambo lenyewe. Cheti, ahadi niliyoikubali, kikombe cha mama, paka kumi na moja. Padre aliniuliza maswali machache. Kisha kwa malipizi akaniambia nisome Injili ya Marko, sura ya 8, aya ya 22 hadi 26, niisome kila siku kwa wiki nzima, na nimwambie mama.

Ukitaka, fungua hapo sasa hivi. Ni aya tano tu. Ni Injili ya Misa ya Jumatano ya Juma la 6 la Mwaka, ila kuna miaka Jumatano hiyo inaangukia Majivu na hivyo haisomwi, pengine ndiyo sababu wengi haijatukaa masikioni. Na ni Marko peke yake anayeisimulia. Mathayo na Luka hawana.

Yesu anafika Bethsaida. Watu wanamletea kipofu, wanamsihi amguse. Yesu anamshika mkono na kumtoa nje ya kijiji. Anamtemea mate machoni, anamwekea mikono, halafu anamwuliza kama anaona kitu. Yule mtu anajibu kwamba anaona watu, lakini anawaona kama miti inayotembea. Yesu anamwekea mikono tena machoni. Ndipo anaona vizuri, kila kitu, waziwazi.

Siku tatu za kwanza niliisoma na kuona ajabu moja tu: uponyaji wa awamu mbili. Mara nyingi katika Injili Bwana anasema neno au anagusa, na imekwisha. Hapa anarudia. Je, mara ya kwanza nguvu zilipungua? Hapana. Tazama Marko ameiweka wapi habari hii. Kabla yake tu, wanafunzi wamo chomboni wanahangaika kwamba wamesahau mikate, na Yesu anawauliza kama wana macho na bado hawaoni. Baada yake tu, Petro anamkiri kuwa ndiye Kristo, na palepale, akisikia habari za mateso, anamchukua Bwana kando na kumkemea. Petro ameona. Ila ameona miti inayotembea. Na Yesu hamfukuzi Petro, anaendelea naye njiani kwenda Yerusalemu, anamfundisha tena na tena, hatua kwa hatua. Mwinjili anatuonyesha kwamba Bwana haoni haya kufanya kazi kwa awamu.

Siku ya nne nikaona jibu la yule mtu. Hebu jiweke mahali pake. Umekuwa kipofu. Mganga ambaye nchi nzima inamzungumzia amekushika mkono, amekutenga, amekugusa, na sasa anakuuliza: vipi, unaona? Wewe ungejibuje? Mimi ningesema "Ndiyo Bwana, asante!" Kwa adabu tu, kwamba nisimwaibishe. Pia kwa furaha, maana hata miti inayotembea ni kitu kikubwa kwa mtu aliyekuwa gizani. Pia kwa haraka ya kurudi kijijini nikaonyeshe watu. Ningesema ndiyo, ningeondoka, na maisha yangu yote ningekuwa nagongana na watu huku nikiwa na cheti cha kuona.

Yeye akasema alichokiona. Hakusema haoni, maana alikuwa anaona kitu. Hakusema anaona vizuri, maana ilikuwa bado. Ni kwa sababu ya sentensi ile ya ukweli mikono ikarudi machoni pake.

Na kwa nini Yesu aliuliza? Anayejua yaliyomo moyoni mwa watu, angeshindwa kujua kiwango cha macho ya mtu aliyemshika? Swali lilikuwa la yule mtu, apate nafasi ya kusema. Ile tiki ya kijani haiwezi kuuliza swali hilo. Inauliza "umeandika?" Haiwezi kuuliza "unaona?" Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1456, inarudia fundisho la zamani linalotoka kwa Mtakatifu Yeronimo: mgonjwa akiona haya kumwonyesha daktari kidonda chake, dawa haitibu kile isichokijua. Miaka mingi nilidhani maneno hayo ni kwa ajili ya watu wenye dhambi nzito nzito. Kumbe ni yetu pia sisi wa orodha ya kukariri.

Najua wengine mnafikiria Mtakatifu Carlo Acutis, maana kila tukisema kompyuta na utakatifu tunamkimbilia yeye. Sawa. Alizaliwa London mwaka 1991, mwaka uleule tovuti ya kwanza duniani iliwekwa wazi kwa watu, akafariki Italia mwaka 2006 akiwa na miaka 15, na Papa Leo XIV akamtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Tunampenda na jinzi zake na raba zake. Ila alijifunza kompyuta mwenyewe, na ile kazi yake juu ya miujiza ya Ekaristi, mahali kwa mahali, muujiza kwa muujiza, haikutokea kwa usiku mmoja. Tukiomba maombezi yake tumwombe na uvumilivu wake.

Sasa lile sharti la rafiki yangu. Nilipomwambia nitaandika na nitaunganisha na kipofu wa Bethsaida, alisema: "Andika, lakini usinifanye mimi mfano wa dhambi za watu. Mimi macho yangu tu hayaoni." Ana haki kabisa. Wanafunzi nao waliwahi kumwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, na Bwana akalikataa swali lenyewe. Utalikuta Yohane 9. Kwa hiyo tuelewane: katika habari hii aliyetolewa nje ya kijiji ni mimi.

Mama nilimwambia Jumapili jioni, anachambua mchele. Nilidhani atalia, au atanipiga na ungo. Aliendelea kuchambua. Akauliza, "Zile hela za bando ulizitumia kwa bando kweli?" Nikasema ndiyo. "Kwa hiyo uliibia akili yako mwenyewe." Nikanyamaza. Akasema, "Hicho cheti, ama ukitoe ukutani, ama ujifunze kikae." Nilikitoa. Kipo chini ya kitanda, kimeangalia sakafu. Ukutani pamebaki msumari, na wageni wakiuliza mama anawaambia "kimeenda matengenezo". Huyo ndiye mama yangu.

Jumatatu nilikuta hela chini ya kikombe. Sikutegemea.

Nikarudi hatua ya kwanza. Kichwa cha habari, CatPhotoApp. Sheria yangu sasa ni moja: kabla ya kubonyeza wakague, najiuliza naona nini. Nikiwa naona miti inayotembea, naandika kwenye daftari kwamba hapa naona miti, na narudi kusoma. Kuna siku nimemaliza hatua nne tu. Ilipofika ile ya alt nilikaa nayo jioni nzima. Nilifunga macho nikajaribu kusikiliza ukurasa wangu kwa TalkBack, nikapotea kabisa, sikuweza hata kurudi mwanzo.

Halafu nikafungua zile picha kumi na moja za mwalimu, ili niandike kweli kilichomo. Nilikuwa nimezipanga, nimezipunguza ukubwa, nimezituma kwa watu zaidi ya mia, na nikagundua sijawahi kuzitazama. Kwenye ya tatu kuna mtoto amelala kwenye benchi nyuma ya kwaya, kafunikwa joho. Kwenye ya saba mwalimu amevaa viatu tofauti, kimoja cheusi, kimoja cha kahawia, na anaimbisha kama kawaida.

Ya mwisho ni ile rafiki yangu aliyoiulizia. Kwaya imesimama, midomo wazi. Mwalimu yuko mbele, mkono wa kulia ameuinua juu. Lakini hajasimama katikati anaposimama mwongozaji. Amesogea pembeni kabisa, mpaka kwenye sauti ya nne, na mkono wake wa kushoto umelala begani kwa rafiki yangu, vidole viwili vimenyooka, kama anayegonga. Miaka yote ile nimeimba mita tatu kutoka kwao, sikujua kwamba mapigo alikuwa anampa hivyo.

Niliandika, nikampelekea kabla ya mazoezi. Akapitisha kidole. Simu ikasoma, safari hii kwa Kiswahili, kwa lafudhi yake ya ajabu: mwalimu amesimama karibu na sauti ya nne, mkono wa kulia juu, mkono wa kushoto kwenye bega la kushoto la mwimbaji, anampigia mapigo kwa vidole viwili.

Akairudia mara mbili. Kisha akagusa bega lake.

"La kulia," akasema. "Umetazama vizuri, au umetazama kwa upande wako wewe?"

Nikafungua picha tena. Nikatoa kompyuta kwenye begi, nikatafuta soketi pale nyuma ya kinanda, nikakaa chini kurekebisha, naye akakaa pembeni akisubiri nimsomee.